Tope la Barafu Ndani ya Friji ya Kingsbury

Nilipofika maabara asubuhi ile, mlango wa chumba cha baridi ulikuwa wazi, umezuiwa kwa kiti. Nikajua kabla sijaambiwa. Mlango ule hauachwi wazi. Ukiingia unaufunga nyuma yako upesi, na ukichelewa kuna mtu atakupigia kelele kutoka mwisho wa korido. Fundi wa jengo alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine, shati limemgandia mgongoni. Aliponisikia aligeuka, akatikisa kichwa.

"Kompresa imekufa," alisema. "Na kipuri sitakipata wiki hii. Nusu ya London inakitafuta hicho hicho."

Yalikuwa yale majira ya joto ambayo London haikujengwa kuyapokea. Madirisha ya jengo letu yalikuwa ya aina isiyofunguka. Lami barabarani ilikuwa inanata kwenye soli za viatu, na kwenye treni watu walikuwa wamekaa kimya wakijipepea kwa magazeti, hakuna anayemtazama mwenzake. Niliingia kwenye chumba cha baridi nikakuta hakina baridi tena. Kilikuwa na unyevu kama wa bafu baada ya mtu kuoga. Kwenye rafu ya chini yalikuwepo makasha yangu matatu ya chupa. Nikagusa chupa moja. Bado ilikuwa baridi mkononi, lakini si baridi ile ya kuuma.

Ndani ya chupa zile mlikuwa na maji niliyoyachota mwenyewe kaskazini kabisa, kwenye hori la bahari ambamo mto wa barafu hushuka kutoka mlimani na kuishia majini. Watu wakisikia barafu hufikiri weupe na usafi. Maji ya mbele ya barafu ile ni ya kijivu, mazito kama uji wa ulezi uliochujwa. Barafu inaposhuka husaga mwamba ulio chini yake mpaka uwe unga, na maji ya kuyeyuka huubeba unga huo hadi baharini. Chembe moja ya unga ule ni ndogo mno, na ikiwa peke yake inaweza kuelea siku nyingi bila kufika chini. Lakini ikikutana na maji ya chumvi hubadilika. Chembe huanza kushikana. Viumbe wadogo wa baharini hutoa ute, na ute ule huzigandisha chembe zikawa vibonge laini, vyepesi, vya umbo lisiloeleweka. Vibonge hivyo huzama. Kazi yangu, iliyonitoa Morogoro na kunileta Uingereza, ilikuwa kujua vinazama kwa kasi gani na vinafika chini wapi. Mahali lilipo tope ndipo mwanga unapozuiwa, na pasipo mwanga mimea midogo ya baharini haioti, na samaki hawana chakula. Tope likizama karibu na barafu, bahari ya mbele hubaki safi. Likizama mbali, mambo ni mengine.

Sasa vibonge vyangu vilikuwa vimelala chini ya chupa kama majivu, na chumba kilikuwa kinapata joto.

Nilipanda ngazi kwenda kwa profesa wangu. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye sijawahi kumsikia akifoka, na hilo ndilo lililonifanya nimwogope zaidi. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa ameshatangulia. Yeye alikuwa na nguzo za tope lililokatwa kutoka sakafu ya bahari, limefungwa ndani ya mabomba ya plastiki. Alikuwa amesimama dirishani na hakunitazama nilipoingia.

"Friji ya dharura ni moja, na ndogo," profesa alisema. "Nimempa mwenzako."

"Yote?"

"Yote. Mabomba ni marefu."

"Na chupa zangu?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Za kwako ni maji. Maji utakwenda kuchota tena."

"Boti imeshaondoka kule. Hakuna safari nyingine mpaka mwakani."

"Basi ni mwakani."

Nilimwambia kwamba chupa zimefika wiki ile ile, kwamba nilikuwa nimepanga kuanza kupima siku inayofuata, kwamba mwakani udhamini wangu utakuwa umeisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno lililonikata, kwa sababu lilikuwa la kweli.

"Zikipata joto, vijidudu vilivyomo vitaanza kuula ule ute. Vibonge vitalegea. Utapima kitu kingine kabisa, utaniletea namba nzuri, na zote zitakuwa za uongo. Heri uzimwage leo."

"Nikipata mahali pengine pa baridi?"

"Baridi kama ya kule. Isifike kugandisha, maana zikiganda ndiyo basi. Pawe na giza. Na usizitikise njiani." Akavaa miwani. "Ukipata mahali hapo London leo, nipigie simu."

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anafunga mazungumzo, na tayari alikuwa amegeukia kompyuta yake.

Nilisimama koridoni nikajaribu kufikiri. Maabara za vyuo vingine nilizozipigia zilikuwa na shida kama yetu au hazikupokea simu. Maduka makubwa yalikuwa yameishiwa barafu ya mifuko tangu jana yake. Nilikuwa nimeshaanza kuona mikono yangu ikizimwaga chupa zile kwenye sinki, moja baada ya nyingine, nilipomkumbuka mama wa dukani.

Wakati ule nilikuwa napanga chumba Kingsbury, mtaa wa nyuma ya barabara ya maduka. Duka nililonunua bamia na maziwa ya mgando lilikuwa la mama mmoja wa Kigujarati, mjane, aliyezaliwa Tanga na kuondoka akiwa msichana. Siku ya kwanza aliponisikia nikijisemea bei kwa Kiswahili aliacha kupima giligilani akaniuliza mimi ni mtu wa wapi, na tangu hapo hatukuzungumza lugha nyingine. Nyuma ya duka alikuwa na friji kubwa, ile ya kuingia ndani ukiwa umesimama.

Nikampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Nina shida. Ile friji yako ya nyuma inafanya kazi?"

"Inaguna tangu jana, lakini inafanya kazi. Kwa nini?"

"Naomba rafu moja."

"Uweke nini?"

"Maji, mama. Maji yenye tope. Yamefungwa vizuri kwenye chupa."

Nilisikia kengele ya mlango wa duka ikilia, mtu akiingia, mtu akitoka.

"Tope," alisema. "Kwenye friji ya chakula. Mwanangu, unajua mkaguzi wa afya akiingia hapa atanifanya nini?"

"Najua."

"Lina sumu?"

"Halina. Ni unga wa mawe na maji ya bahari."

"Sikuahidi kitu," akasema. "Lilete nilione kwanza."

Nikalichukua hilo. Nilimpigia dereva wa teksi wa Hayes aliyekuwa ametuletea makasha yale kutoka uwanja wa ndege mwanzoni mwa wiki. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu mzima, mlokole, ambaye akiendesha gari huimba mapambio kwa sauti ya chini. Alipofika tulibeba makasha kwa pamoja, kila moja tukilishika huku na huku kama tunabeba mgonjwa, tukayafunika kwa blanketi. Mnara wa kioo, lile sanduku jembamba refu la kupimia vibonge vikizama, niliulaza kiti cha mbele nikaufunga mkanda. Kamera na taa nilivipakata.

"Dada, hii njo maji ya nini?" aliuliza, akinitazama kwenye kioo.

"Ya baharini. Yakitikiswa yameharibika."

"Bon. Basi tutaenda kama tuko na mayai."

Aliwasha kipozahewa mpaka mwisho. Nilikaa nyuma, mkono mmoja juu ya kasha la juu. Mpaka Edgware Road mambo yalikuwa sawa. Baada ya hapo trafiki ikasimama. Kulikuwa na bomba la maji lililopasuka mbele, na magari yote yalikuwa yanasukumwa kwenye njia moja. Jua lilipiga upande wangu. Nikahamisha blanketi, nikalihamisha tena, nikaishia kuinama juu ya makasha ili kivuli kiwe changu. Kipimajoto nilichokuwa nimekibandika ndani ya kasha la juu kilikuwa kinapanda taratibu, nami sikuweza kuacha kukitazama.

"Kuna njia ya ndani," dereva alisema tulipokaribia Kilburn. "Lakini iko na matuta."

"Matuta mengi?"

"Mengi."

Nilitazama foleni mbele. Nilitazama kipimajoto. Joto lilikuwa linaua vibonge polepole, na matuta yangeviua mara moja. "Tubaki hapa," nikasema.

Aliacha kuimba. Tulikwenda hivyo, hatua kwa hatua, mpaka Cricklewood ambako barabara ilifunguka. Kila alipoona kiraka cha lami alipunguza mwendo mpaka madereva wa nyuma wakapiga honi, na yeye akainua mkono wake kuwaomba radhi bila kugeuka. Tulipofika dukani nilikuwa nimelowa, na vidole vya mkono ulioshika kasha vilikuwa vimekakamaa.

Mama alikuwa ametusubiri mlangoni, sari ameifunga juu kidogo ya vifundo, shali ya kuingilia frijini ameitupia begani. Hakutusalimia. Alifunua blanketi, akachukua chupa moja kabla sijamzuia, akainua kuelekea mwangani. Aliinua polepole, namshukuru Mungu. Mlikuwa na maji meupe, na chini utandu wa kijivu.

"Hili tu?" alisema. "Nimeona mabaya zaidi kwenye magunia ya viazi." Akairudisha. "Rafu ya chini kabisa, ukutani. Makasha yasifunguliwe karibu na chakula. Na ukimaliza unapiga deki wewe mwenyewe, kwa dawa."

Alikuwa ameshahamisha jibini na mtindi kwenda friji za mbele. Tulipanga makasha, nikafunga mlango, nikakaa chini sakafuni nikingoja kipimajoto kishuke. Kilishuka. Nilihisi machozi yakinijia, nikayarudisha, kwa sababu kazi ilikuwa haijaanza.

Sikutaka kungoja. Joto lilikuwa limeshaanza kazi yake ndani ya chupa zile, na kila saa iliyopita vibonge vilizidi kuwa vitu vingine. Nikausimamisha mnara kwenye kona, nikaujaza maji safi ya chumvi niliyokuwa nimeyaleta kwa ajili hiyo, nikaufungia taa upande mmoja na kamera upande mwingine. Nikachagua chupa ya kwanza. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa baridi na kwa uchovu. Nilipoinamisha chupa juu ya mnara maji yalitoka kwa kishindo, na kile kilichoshuka mbele ya kamera kilikuwa wingu. Hakuna kibonge kilichobaki. Chupa nzima, safari yote ile, na nikaishia na moshi.

Nilitoka nje nikasimama kwenye njia ya kati ya mchele na dengu. Mama alikuwa kaunta akimhudumia mteja. Alinitazama mara moja, akamaliza kuhesabu chenji, akaja na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Imeharibika?"

"Moja."

"Ziko ngapi zingine?"

"Zipo."

"Basi kunywa kwanza. Mikono inayotetemeka haimimini."

Niliporudi ndani nilitumia bomba pana la kunyonyea, nikavinyonya vibonge kidogo kidogo kutoka chini ya chupa na kuviachia juu ya mnara bila kudondosha. Safari hii vilibaki vizima. Lakini kwenye kioo cha kamera niliona jambo jingine: vilikuwa vinayumba. Feni ya friji ilikuwa inatikisa sakafu, sakafu inatikisa mnara, na maji yaliyotakiwa kutulia tuli yalikuwa yanacheza. Namba za kuzama kwenye maji yanayocheza hazina maana. Nikajaribu kuweka magunia ya mchele chini ya mnara. Haikusaidia.

Kisha feni ikanyamaza.

Nilikimbilia mlango nikaupiga kwa kiganja. "Mama! Friji imezima!"

"Haijazima," alijibu kutoka nje, bila haraka. "Inapumzika. Inayeyusha barafu yake ya nyuma, halafu inaendelea. Ndivyo ilivyo, mchana kutwa."

Niligeuka kuutazama mnara. Maji yalikuwa yametulia. Na ndani ya ukimya ule vibonge vilikuwa vinashuka, vyeupe kwenye mwanga wa taa, kila kimoja kwa njia yake. Nilibonyeza kamera. Sikuthubutu kusogea, hata pumzi niliivuta kidogo kidogo nisije nikakosea. Feni ilipowaka tena nilikuwa na kipande kimoja cha filamu, kifupi, kizuri.

Mchana uliobaki uliendelea hivyo. Feni ikiunguruma nilitayarisha vibonge vingine, vidole vimekufa ganzi. Ikinyamaza niliviachia na kupiga picha. Sikujua itanyamaza lini, kwa hiyo nilisimama nimeshika bomba hewani, nikisikiliza tu. Mama alisimama nje ya mlango asiruhusu mtu aufungue. Wakati mmoja nilisikia mteja akimwuliza kwa Kigujarati jambo fulani, naye akajibu kwa ukali, na mteja akaenda zake bila alichokitaka.

Nilichokiona kwenye kamera sicho nilichokuwa nimekitarajia. Nilikuwa nimeandika, na kutetea mbele ya profesa mwenyewe, kwamba kibonge kikubwa ndicho kinachozama haraka. Mbele ya macho yangu vile vikubwa vilikuwa vinashuka kwa kusitasita, vimejaa maji ndani, vikimeguka pembeni, na vile vya kati, vilivyoshikamana, vilikuwa vinavipita. Nilirudia chupa nyingine. Ikawa hivyo hivyo. Sikujua kama nimegundua kitu au kama joto la njiani limenilegezea vibonge vikubwa na kunidanganya, kama alivyonionya.

Nikampigia simu profesa. Nilimwambia niko wapi. Akauliza anwani.

Alifika jioni jua likiwa bado juu, koti mkononi, uso mwekundu. Mama alimtazama juu mpaka chini, akavua shali yake akampa, naye akajifunga mabegani bila ubishi akaingia. Tulisimama wawili kati ya maboksi ya pilipili na ndoo za samli. Nilimwonyesha filamu zote. Alizitazama ameinama, pumzi yake ikitoka moshi.

"Hukufuata utaratibu," alisema.

"Hapana."

"Chupa zilipata joto kiasi gani?"

Nilimwonyesha kipimajoto kilichokuwa kimehifadhi kila kipimo cha njiani. Alivipitia kimoja kimoja.

"Mtu yeyote atakayesoma atasema vibonge vikubwa vimelegea kwa sababu ya teksi."

"Najua. Hata mimi nafikiri hivyo, nusu yangu."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine inasema tulikuwa tumekosea tangu mwanzo."

Feni ilinyamaza wakati ule. Bila kuambizana tuligeuka sote wawili. Nilikuwa na vibonge tayari kwenye bomba, nikaviachia. Kikubwa kimoja kilianza kushuka, kikasita katikati, kikaachia mkia. Kingine kidogo, kigumu, kikatokea juu yake, kikapita pembeni yake moja kwa moja mpaka chini. Profesa alikuwa amesogeza uso karibu kabisa na kioo, na sikumwona akipepesa.

"Endelea," alisema feni ilipowaka. "Maliza chupa zote. Na utaandika kila kitu. Teksi, joto, duka. Usifiche hata kimoja."

Nilimaliza. Nikapiga deki kwa dawa kama nilivyoagizwa, mama akikagua pembe na kuninyooshea kidole nilipoacha. Nilipotoka nje joto la barabarani lilinipiga nikaanza kutetemeka upya, meno yakigongana, watu wakinishangaa kwenye kituo cha basi.

Siku ya mtihani wa mwisho wa shahada mmoja wa watahini alifungua ukurasa wa vipimo vile kwenye tasnifu yangu akauliza, kwa utulivu, kwa nini aamini vipimo vilivyochukuliwa kwenye friji ya duka la vyakula. Nilimjibu kwamba asiviamini peke yake. Nilimwonyesha kwamba hata kwenye chupa iliyopata joto kidogo kabisa, iliyokuwa katikati ya kasha la chini, vile vya kati vilivipita vikubwa. Walinitoa nje wakajadiliana. Nilikaa kwenye korido nikiutazama mlango, nikisikia sauti bila maneno. Waliponiita walinipa shahada na marekebisho mengi, likiwemo moja la kunitaka nipunguze uhakika wangu. Niliupunguza kwa furaha.

Kiangazi kilichofuata wenzangu walikwenda hori lile bila mimi, wachote maji mapya ya kulinganisha. Walinitumia picha nikiwa kazini. Barafu ilikuwa imerudi nyuma ikapanda juu ya mwamba mkavu. Haikugusa bahari tena, na maji ya kijivu waliyoyafuata hayakuwepo. Kulikuwa na kijito tu, cha kahawia, kinachopita kwenye kokoto na kuingia majini kwa upole. Niliikuza picha ile mpaka ikawa viraka vya rangi, nikitafuta mahali tulipokuwa tumetia nanga. Sikupaona.